Fyuzi Mbili Katika Koti la Baba

Vumbi likiungua juu ya waya hutoa harufu yake ya pekee. Si ya kuni, wala ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Ni harufu kavu, yenye uchungu kidogo, inayong'ang'ania nyuma ya pua, na aliyeinusa utotoni haisahau. Juzi mjukuu wangu alichomeka birika, jiko na pasi kwa wakati mmoja, boksi la ukutani likaanza kuitoa harufu hiyo, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshazima mein swichi, ile kubwa ya nyumba nzima. Televisheni ikanyamaza katikati ya mpira.

"Ai, Shosho! Sasa hiyo ni nini umefanya?"

"Mpira utangoja," nikamwambia.

Hakufurahi hata kidogo. Mimi nami nilibaki nimesimama pale mbele ya boksi, mkono mmoja nyuma ya mgongo, machozi yakinitoka bila mpango. Kijana akadhani ni kwa sababu amenifokea, akaja kuniomba radhi. Nikamkubalia tu, maana kumweleza ningeanzia wapi?

Labda ningeanzia kwenye koti. Tulipokwisha kumzika baba, sisi mabinti zake tuliketi kugawana nguo zake, na hakuna aliyelitaka lile koti la kaki lililochujuka mabegani. Nililichukua kwa kulihurumia. Mfuko wa kulia ulikuwa mzito. Ndani yake, zikiwa zimefungwa katika kitambaa safi, mlikuwa na fyuzi mbili za zamani, zile za kauri nyeupe zenye waya mwembamba uliokazwa kwa skrubu huku na huku. Nilizitambua papo hapo. Nilidhani alizitupa nikiwa bado mtoto.

Wenzangu mliokulia kwenye laini, zile safu za vyumba vya vibarua katika mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, mtakumbuka kwamba stima haikuwa yetu. Ilipita juu ya vichwa vyetu kwenye nguzo, ikaenda nyumbani kwa mzungu na kiwandani, nasi huku chini tukakodolea macho koroboi. Lakini mimi nilikuwa na baba fundi wa stima, na kwa hiyo niliringa kupita kiasi. Baba na mjomba Karanja, ndugu mdogo wa mama, walikuwa wamefundishwa kazi na Kalasinga mmoja mwenye duka Thika. Kalasinga alichukua kazi za mashambani, wao wakazifanya, na shamba letu lilikuwa mojawapo ya sehemu walizozihudumia. Mjomba aliishi nasi. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mpenda kupiga mluzi, na alikuwa akinibeba mabegani hadi mtoni huku mama akimgombeza kwamba ananidekeza.

Baba alikuwa na boksi bovu la stima alilopewa dukani, akalipigilia kwenye ukuta wa udongo wa chumba chetu ili amfundishie mjomba. Halikuunganishwa na chochote. Wageni waliliangalia kwa heshima kubwa, wengine wakakataa kukaa karibu nalo, na mama, ambaye ulimi wake haukujua kulala, aliwaambia wasiogope, hilo ni kabati la sukari. Jumapili baada ya kanisa baba alilifungua na somo likaanza. Mimi nilikaa juu ya gunia na kusikiliza, bila mtu yeyote kunijali.

"Hii nyekundu?" baba aliuliza.

"Ndiyo inakuja na moto."

"Hii nyeusi?"

"Inarudisha."

"Na hii uchi?"

"Inaenda kwa udongo. Ikikosa kufika kwa udongo, bati yote ya mashine inaweza kuwa na moto, na mtu anashika akidhani ni bati tu."

"Fyuzi ikikatika?"

"Natafuta kwanza ni nini imeikata. Halafu natia waya ingine, nyembamba kama hiyo."

"Ukitia nene?"

"Fyuzi haiungui tena. Inaungua nyumba."

Baba alimweleza kwamba boksi ni kama mfereji wa bustani. Maji yanaingia kwa njia moja kubwa, kisha yanagawanywa, kila tuta na kilango chake kidogo, na ukitaka kufanya kazi kwenye tuta moja unafunga kilango chake kwanza. Lakini maji unayaona. Stima huioni, kwa hiyo lazima uiulize. Walikuwa na balbu iliyofungwa waya mbili, na kabla ya kugusa chochote waliiuliza stima kwa balbu hiyo kama ipo au imeondoka. Hata balbu ilipokaa kimya, mjomba alipaswa kuingiza mkono wa kulia tu ndani ya boksi na kuuweka wa kushoto nyuma ya mgongo. Stima ikikosea njia, baba alisema, isipate kuingia mkono huu na kutokea mkono ule, kwa sababu katikati kuna moyo. Mjomba alipousahau mkono huo, alichapwa kiganja kwa ufito kama mtoto wa shule, na mimi nikacheka hadi nikaambiwa nitoke.

Sheria iliyopita zote ilitoka kwa Kalasinga mwenyewe, na mjomba alipenda kuigiza sauti yake: "Fyuzi iko mfukoni, stima iko lala!" Walifanya kazi wawili wawili. Mmoja alitoa fyuzi kwenye mein, akazitia katika mfuko wake, akakaa palepale. Mwingine akaenda kushika waya. Fyuzi hazikutoka mfukoni kwa amri ya nyapara, wala ya mzungu, wala kwa kelele za mtu kutoka mbali. Zilitoka pale tu yule aliyeshika waya alipokuja mwenyewe, kwa miguu yake, akanyoosha mkono na kusema, "Lete." Bila neno hilo, kazi haijaisha.

Baba alikuwa akiupigapiga mfuko wa koti na kusema, "Zikiwa hapa, hakuna mtu ataumia." Nami mtoto nikamwelewa nilivyoweza. Nilikuwa nimemwona jirani yetu mmoja akiwa na kijifuko cha dawa shingoni, alichokificha chini ya nguo siku za kanisa, na nikakata shauri kwamba fyuzi za baba ni dawa ya namna hiyo, tena yenye nguvu zaidi kwa kuwa ilitoka kwa Kalasinga. Siku alizokuja nyumbani nazo nililala vizuri. Zile zilikuwa nyakati za Hali ya Hatari, watu wakichukuliwa kila siku, na hakuna mtoto aliyelala vizuri bila sababu.

Ilikuwa msimu wa kuchuma. Mvua ilikuwa imeingia katika boksi la banda la mashine ya kumenya kahawa, na baba na mjomba wakaitwa walifungue, walikaushe, waufunge upya kila waya. Mein ilikuwa upande wa pili, kwenye ukuta wa ghala, karibu na barabara. Mama alinituma na makopo mawili ya githeri, chakula chao cha mchana. Nilimkuta baba amechuchumaa chini ya mein, koti limevaliwa ingawa jua lilikuwa kali, na mfuko umevimba. Mjomba alikuwa ndani ya banda. Baba alikuwa anainuka kunipokea lori liliposimama.

Waliruka askari wazungu na wenzao wa kwetu, wakataka pasi, karatasi ya ruhusa ya kutembea. Baba akatoa yake. Nadhani ilikuwa inamruhusu Thika na si Ruiru, au ilikuwa imekwisha muda, sikuwahi kuelezwa. Walimsukuma ukutani. Nyapara wa kiwanda alikuja mbio, akavua kofia, akasimama pembeni.

"Iko mtu ingine ndani?" askari mmoja akauliza, akionyesha banda.

"Hapana," baba akasema. "Mimi peke yangu."

Kisha akayatazama yale makopo mawili mikononi mwangu, akanitazama usoni. "Rudisha chakula kwa mama yako," akasema kwa Kikuyu, kwa sauti kali ambayo hakuwa amenisemesha nayo maisha yangu yote. Askari akanifukuza kwa mkono kama anafukuza kuku, na nikakimbia.

Nawaambieni nilichokuwa nikifikiri njiani, maana ndicho kilichonitesa baadaye. Sikumwogopea baba. Alikuwa na fyuzi mfukoni, nani angemfanya nini? Nilikuwa na hasira. Katika shule ya Jumapili tulikuwa tumesoma habari za Petro kumkana Bwana wake, nami nilikuwa nimetoka kumsikia baba yangu akimkana mjomba waziwazi. Jana wamekula sinia moja, leo hamjui. Hata githeri yake imerudishwa. Nilifika nyumbani nikilia, na mama alipouliza nini, nilimwambia kwanza kuhusu githeri, na lori baadaye.

Mama alikuwa bado anafunga kanga atoke tuliposikia ukelele kutoka kiwandani.

Mambo yalikuwa hivi. Lori lilipoondoka, mikokoteni ya kahawa mbivu ilikuwa imejaa uani, na kahawa ikilala bila kumenywa huchacha. Nyapara alikwenda kwenye mein akaona matundu matupu. Fundi alikuwa amebebwa pamoja na fyuzi zake, na fundi mwenyewe alikuwa ametamka kwamba yuko peke yake. Nyapara alichungulia mlangoni pa banda akaita, na hakuna aliyejibu. Basi akakata waya wa ua, akaukunja, akaupachika mahali pa fyuzi, akainua swichi.

Walimpitisha mjomba mbele ya laini wakimkimbiza kwenye gari la shamba. Hapo ndipo niliponusa ile harufu. Hospitali ya Thika walimkata mkono wa kulia juu ya kiganja. Uhai alibaki nao, na daktari alishangaa kwa nini, lakini mimi sasa sishangai. Mkono wa kushoto ulikuwa nyuma ya mgongo.

Nyapara alikuja kwetu, kofia mkononi. "Alisema yuko peke yake," alimwambia mama. "Nilisikia na hii masikio. Na niliita, mama, haki ya Mungu niliita." Mama akanigeukia akaniuliza kama ni kweli baba alisema hivyo. Nikasema ndiyo. Nyapara alipoondoka, mama alichukua jembe akalibandua boksi la baba ukutani, akalitupa katika shimo la takataka, akakanda udongo na kuziba pengo. Sehemu hiyo haikukauka rangi moja na ukuta mwingine, na kwa muda mrefu nililala nikiitazama.

Baba alirudi kutoka kizuizini kahawa ilipochanua tena. Alikuwa amekonda hata mbwa hakumtambua. Alisimama mlangoni, akalitazama lile baka la udongo, akaonekana anajua tayari kila kitu kitakachosemwa. Akatoa fyuzi mfukoni. Walikuwa wamemnyang'anya siku ya kwanza, wakamrudishia pamoja na mshipi wake siku ya kumfungua, kwa kuwa hakuna aliyejua ni kitu gani.

"Karanja ameziomba?" akauliza.

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. "Ulisema uko peke yako," akamwambia, bila kuinua macho.

"Ningesema nini?"

Hayo ndiyo yote niliyoyasikia wakizungumza juu ya jambo lile, siku hiyo na siku zote. Mimi nilisikia jibu la mtu asiye na la kusema. Siku chache baadaye nilijipa moyo nikamwuliza kwa nini hampelekei mjomba fyuzi zake, wakati huo mjomba akiwa amepata kazi ya kulinda lango Thika, karibu na maporomoko ya Chania. Kwenda huko ni mwendo wa asubuhi tu. Baba akasema, "Hajaziomba." Nikamwona ana roho ngumu. Nikaacha kumpokea mzigo alipotoka shambani, nikaacha kumwimbia nyimbo za shule. Naye hakuuliza sababu. Hakushika waya tena, alilima tu. Alikuwa akinitazama mara nyingine kama mtu anayengoja basi ambalo hajui kama lipo, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Mjomba hakuja. Yeye na baba walikuwa mashemeji, na mnajua desturi ya kwetu kati ya mtu na ndugu wa mkewe: heshima nyingi, maneno machache, na jambo zito halisemwi bila kuwatafuta wazee wa kulisema. Hakuna aliyewatafuta. Katika harusi yangu walikaa meza moja. Mjomba alisalimia kwa mkono wa kushoto, baba akaupokea kwa mikono yote miwili, wakazungumzia mvua. Hata mama alipokufa, walizungumzia mvua. Stima ilipofika hatimaye nyumbani kwa baba, aliita kijana wa kuifunga, na muda wote kijana alipokuwa ndani, mzee alisimama nje chini ya mein kwenye manyunyu, mkono mfukoni. Tukamcheka. Tukasema uzee umeanza.

Jambo ulilolielewa utotoni hulirudii kulichunguza. Limeshakaa, kama jina la mtu. Ndivyo nilivyofika utu uzima, nikawa mama wa watoto, bado ninaamini kwamba baba yangu alimkana mtu ili ajiokoe, bila hata kujiuliza alijiokoa na nini, wakati aliyebebwa ni yeye.

Nilizipeleka fyuzi kwa mjomba wiki ile ile tuliyogawana nguo. Alikuwa na kiduka Mwiki, cha unga na sabuni, na alikuwa mzee sasa, lakini bado anapiga mluzi. Alinipikia chai mwenyewe kwa mkono mmoja, akakataa nimsaidie. Nikafungua kitambaa mezani. Mluzi ukakoma.

"Alikuwa nazo?"

"Mfukoni. Katika lile koti."

Alizitazama bila kuzigusa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Kwa nini hakuwahi kuniletea?"

"Alisema hujaziomba."

Mjomba akafunga macho. Nikaona mdomo wake unacheza, nikadhani ataniambia maneno mabaya juu ya baba, na nilikuwa tayari kuyakubali.

"Kairitu," akasema, akiniita msichana kama zamani, "mimi nilisikia kila kitu. Ile banda ni ya mbao. Nilisikia lori, nikasikia wanauliza kama kuna mwingine, nikasikia Mwaura, baba yako, akisema yuko peke yake. Alisema hivyo ndio nisibebwe. Mimi sikuwa na pasi kabisa. Wangenipata, sijui kama ningerudi."

Nikaisogeza chai yangu kando.

"Nikajificha nyuma ya mashine. Halafu nikaona nikikaa tu nitashikwa na woga nipige kelele, nikarudi kwa boksi nifunge waya. Nilikuwa nimeuliza balbu, na fyuzi ziko kwa Mwaura. Hata akipelekwa mwisho wa dunia, ziko kwa mfuko yake. Nani atawasha? Nyapara akaita. Nilisikia akiita. Nikafikiri askari wamemtuma, nikanyamaza." Alikigusa kile kigutu cha mkono wake wa kulia. "Mtu amebebwa kwa sababu yangu. Nilirudi kutoka hospitali nikasema, nitaenda kumwambia lete namna gani? Lete ni neno la mtu amemaliza kazi. Mimi nilijificha. Nikasema, akitaka kuniona, atakuja nazo. Nikangoja."

"Naye alikuwa anangoja," nikasema.

"Naona sasa."

Nililia pale dukani kama mtoto, wateja wakapita na kujifanya hawaoni. Nilimlilia baba aliyeulizwa swali moja ukutani, mtutu ukimtazama, akachagua jibu kwa haraka, na mke wake na binti yake wakamhukumu kwa jibu hilo miaka yote. Aliyatazama yale makopo mawili siku ile kwa sababu yangemfichua mjomba, wala hakuwa akimkana. Ukali wa sauti yake ulikuwa hofu tu. Ningeweza kumwuliza siku yoyote. Aliishi muda mrefu, alikuwa mtu wa kukaa nje jioni bila la kufanya, na kiti cha pili kilikuwa pale karibu naye.

Nilipotulia, nikazichukua fyuzi nimwekee mjomba kiganjani. Akaurudisha mkono nyuma.

"Ngoja," akasema. Akasimama, akazunguka meza kwa taabu ya magoti yake, akaja hadi mbele yangu. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Lete."

Nikampa. Akazitia katika mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko jinsi baba alivyokuwa akiupigapiga wa koti, akarudi polepole kuketi na chai yake iliyokwisha kupoa.

"Ukifika nyumbani," akasema, "mwambie Mwaura nimezipata." Kisha akakumbuka, akakiweka kikombe chini.